Nukta Kubwa Katikati

Nilikuwa na shahada na sina kazi. Mwalimu wangu wa historia chuoni alinipa mkataba wa miezi mitatu: ninakili daftari za zamani za ubatizo kule Kilema, kisha niingize majina kwenye programu ya kompyuta inayochora watu kama nukta na uhusiano wao kama mistari. Kazi ikimridhisha, angeniongezea mwaka mzima.

Nilikodi kompyuta kwenye duka la fotokopi mjini Moshi. Mchoro ulipotokea, nukta moja ilikaa katikati kama buibui: mwanamume aliyekuwa msimamizi, yaani baba wa ubatizo, wa watoto wa karibu kila ukoo. Nikaamini nimempata kiongozi aliyesahauliwa. Niliandika kurasa kumi na mbili juu ya nguvu zake, kisha usingizi ukanipotea. Mbona hakuna barua hata moja ya mapadri wa wakati ule inayomtaja? Labda alificha mambo. Labda mimi ndiye mjinga.

Nikapanda Kilema kwa bibi mmoja, kati ya wale aliowasimamia. Nilimkuta uani akimenya ndizi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umekonda, mjini hawapiki?"

Nikamwonyesha mchoro, nikamtajia yule mtu, nikasema alikuwa kiongozi. Akacheka mpaka kisu kikamdondoka.

"Huyu? Si yule mpiga kengele wa kanisa! Alishinda pale kanisani. Wakristo walikuwa wachache. Ukileta mtoto na huna ndugu aliyebatizwa, padri anamwita yeye. Hata mimi alinisimamia, na sura yangu hakuijua. Kiongozi! Mbuzi wake mwenyewe walikuwa hawamsikii."

Njia nzima ya kushuka nilibishana na nafsi yangu. Mwalimu hatajua. Lakini mimi nitajua. Na kujua hakutanipa kazi.

Mjini niliingia kwenye kibanda cha simu kabla sijabadili mawazo, nikamweleza mwalimu yote.

"Ni bibi mmoja tu aliyekuambia?" akauliza.

"Mmoja."

"Basi waulize na wengine, nyumba kwa nyumba. Nani alichagua msimamizi, na nani alipewa tu? Mistari yako haitofautishi."

"Mkataba umebaki wiki mbili, mwalimu."

"Si nilisema nitakuongezea mwaka?"

Kadi ya simu ikaisha. Nilikimbia kununua nyingine, nimuulize kama nilimsikia sawasawa.