Somo la Ndugu kwa Kinorwe

Fundi cherehani wetu huyu, anayekata gauni kwa macho tu na likamkaa mtu sawasawa, kwa Kinorwe alikuwa mtupu kabisa. Mumewe, mpishi wa hoteli huko Norwe, alikuwa amewaombea yeye na mtoto kibali ubalozini wamfuate, akawatumia na kijitabu cha maneno. Basi kila jioni binti huyo wa miaka tisa alimkalisha kitako, yeye ndiye mwalimu.

"Mama?"

"Mor."

"Baba?"

"Far. Hilo jepesi."

"Binti?"

"Datter."

"Ehee! Leo hujambo."

Fundi alicheka. Lakini mtoto huyo hakumzaa yeye. Alizaliwa na dada wa fundi, ambaye alifariki siku ya tatu baada ya kujifungua, na ukoo mzima ukakubaliana kufunga mdomo, mtoto asijue. Mtoto wa dada yako ni wako, nani atakuuliza? Kumbe watauliza! Jina la marehemu limeandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa.

"Ukidanganya kwenye mahojiano wanafunga faili," mumewe alimwambia kwenye simu. "Mtoto habanduki hapo."

"Na nikisema kweli mbele yake?"

"Sema kwa Kinorwe. Neno lenyewe ni niese. Usilifanyie mazoezi naye."

Wanaume na akili zao! Hata hivyo alilishika, akawa analirudia peke yake huku cherehani ikipiga kelele.

Siku ya mahojiano ubalozini alidhani mtoto angebaki nje kwenye benchi. Wapi! Wakaitwa wote wawili. Chumba kidogo, meza, mafaili, na mama mmoja wa miwani aliyeuliza polepole kwa Kinorwe, kalamu ikimwelekea mtoto: huyu ni nani wako?

Fundi akamtazama mtoto. Miaka tisa ya kuogesha, kulisha, kukesha na homa, leo aikane kwa neno moja? Aliumia, jamani, aliumia kweli. Lakini bila neno hilo mtoto haendi.

"Niese," akasema.

Yule wa miwani akaandika. Mtoto akamvuta fundi mkono, akamnong'oneza kwa kumhurumia.

"Mama, umekosea. Hilo ni la mtoto wa dada. Liko ukurasa wa mwisho, nimelisoma. Mwambie datter, haraka, kabla hajamaliza kuandika!"

Fundi akamshika mkono asiuachie.

"Sijakosea, mwanangu."

Mtoto akamkodolea macho.

"Dada yupi?"