Tovuti yangu ya habari za simu hapa Kibondo, na maboksi matatu yaliyonitoa sebuleni

Wakuu, mwakeye. Kwa wasio wa huku, hiyo ni salamu ya asubuhi ya Kiha. Ukiisoma jioni ipokee hivyohivyo.

Naanza na aibu kabla mtu wa Kasulu hajaja kuniumbua kwenye comments. Mimi ndiye niliyepima betri ya simu kwa siku sita nikiwa nimekaa kwenye kiti, nikaandika kwamba inadumu kuliko zote sokoni. Ilidumu kweli. Sababu ni kwamba hakuna aliyenipigia.

Nilichoandika hapa kimetokea kama kilivyo. Ningekuwa natunga, ningejipa nafasi nzuri zaidi.

Niwarudishe nyuma kidogo.

Nilimaliza kidato cha nne, sikuendelea, na kutembea sijawahi kupenda. Mke wangu Devota husema nikifika dukani kununua chumvi natakiwa nipewe cheti. Nilichopenda ni simu. Nilikuwa nasoma habari za simu kutoka kwenye tovuti za nje, naziandika upya kwa Kiswahili, naongeza na ya kwetu: mnara umezimika upande gani, bando gani linakata haraka, simu gani ukiidondosha kwenye udongo huu mwekundu inapona.

Nikaipa jina Mlingoti. Mwanzoni wasomaji walikuwa Devota na mimi, na Devota alikuwa anasoma ili nimwache apike.

Basi ikakua. Watu wa Kibondo wakaanza kutumiana kwenye magrupu, wakafuata wa Kasulu, wakafuata wa Kakonko. Siku moja mwenye duka la simu akaniuliza, "Mkuu, mzigo ujao niingize simu gani?"

Hapo ndipo kichwa kikavimba. Nikaongeza ukurasa kwenye tovuti, nikauita Ripoti kwa Wafanyabiashara, na chini ya jina langu nikaandika Analyst Mkuu. Analyst mdogo hakuwepo. Ofisi ilikuwa kiti kile kile, nilikuwa nimekigeuza tu kitazame dirishani.

Mteja wa kwanza wa ripoti alikuwa Mama Shukuru, ana kibanda cha simu sokoni Kasulu. Mwanamke wa Kasanda, alilima maharage miaka mingi ndipo akapata kibanda. Alinitumia debe la maharage kama shukrani ya mapema, akasema, "Baba, mimi shule sikwenda mbali. Nakuamini wewe."

Nikamwandikia. Nikamwambia aingize simu fulani mpya ya batani: ina WhatsApp, tochi kali, spika inayosikika shamba zima, na betri kubwa iliyojengewa ndani, haifunguki. Nilisifia hiyo betri, ile ile niliyoipima kwenye kiti, aya tatu nzima.

Akachukua akiba yake yote akaagiza maboksi matatu.

Wiki ya kwanza kimya. Wiki ya pili akanipigia.

"Baba mchambuzi, maboksi yapo."

"Yataisha tu, mama. Soko linahitaji muda."

"Watu wanakuja, wanashika, wanafurahi. Halafu wanaigeuza mgongo, wanakwangua na ukucha, wanarudisha. Jana mama wa Kikongo wa kule kambi ya wakimbizi Nyarugusu kaitafutia mlango wa betri mpaka kaniuliza, 'Iyi telefoni batri iko ndani kabisa? Non, mama, hapana.' Kaondoka."

Mtu mwenye akili angesikia jibu hapo hapo. Mimi nikaandika ripoti ya pili, kwamba wateja wa Kasulu bado hawajaelimishwa. Naona aibu mpaka leo.

Mama Shukuru akaisoma. Akanipigia tena, safari hii bila "baba".

"Sikiliza. Hizi zisipotoka, nafunga kibanda narudi Kasanda kwenye jembe. Wewe utabaki hapo kwenye kiti chako. Toka ndani ukaangalie watu."

Akakata.

Wakuu, nililala vibaya mchana ule. Sikuwa nawaza tovuti. Nilikuwa nawaza yule mama na jembe.

Siku ya gulio nikapanda bodaboda mpaka kijijini Gwarama. Devota alisimama mlangoni akipiga makofi. Majirani waliponiona natoka walidhani kuna msiba.

Pale Gwarama nikaenda kukaa kwenye kibanda cha kuchajisha simu cha bwana mmoja anaitwa Gwimo, ana paneli za sola juu ya bati. Nilitegemea kukuta simu zimepangwa. Nikakuta betri. Betri tupu wakuu, mistari na mistari, kila moja imebandikwa karatasi yenye jina, zimebanwa kwenye zile chaja za kuchaji betri peke yake. Simu zenyewe zilikuwa mbili, na moja ilikuwa ya Gwimo.

"Simu za watu ziko wapi?" nikauliza.

Akaniangalia kama nimeuliza watu waliacha wapi miguu. "Si wanazo mfukoni."

"Sasa wanatumiaje?"

"Bwana, unatoka wapi wewe?"

"Kibondo."

"Karibu hivyo? Haya. Mtu ana betri mbili. Moja ananiachia, nyingine anaweka, anaenda zake shamba. Gulio lijalo anabadilisha. Akiniachia simu nzima, atapigiwaje? Mgonjwa akizidiwa nyumbani? Na mimi nikisoma meseji zake?"

"Unazisoma?"

"Sizisomi. Lakini mkewe anajua ninaweza."

Nikatoa ile simu ya ripoti mfukoni, nikampa. Akaigeuza mgongo. Akakwangua na ukucha.

Nilitamani ardhi ya Gwarama inimeze na kiti changu nyuma yangu.

Yaani betri niliyoisifia aya tatu ndiyo iliyokuwa inafukuza wateja. Kwa mtu asiye na umeme nyumbani, simu isiyofunguka ni simu unayomwachia mwenzako kutwa nzima. Mimi nina umeme ukutani, mita moja kutoka kwenye kiti. Sikuwahi kuona zaidi ya hiyo mita.

Nilikaa pale mpaka Gwimo anafunga. Nikauliza kila aliyeleta betri. Niliporudi nikafuta ripoti zote mbili, nikaandika moja fupi, kichwa chake neno moja: Nilikosea. Nikaeleza yote, mpaka habari ya kutopigiwa simu siku sita. Mwisho nikaandika kwamba kuna mama Kasulu amebeba mzigo kwa ajili ya kosa langu, na ninatafuta watu wenye umeme nyumbani wanaotaka simu inayokaa na chaji.

Nilidhani nimeua Mlingoti kwa mkono wangu.

Akajibu mwalimu mmoja wa Kakonko, mtu wa Tanga aliyepangiwa kazi huku. Akasema wao nyumba za walimu zina umeme, lakini kutwa nzima wapo darasani, simu janja zinazima saa nane. Wanataka ya pembeni ya kupiga na WhatsApp. "Leteni tuzione."

Nikamfuata Mama Shukuru Kasulu, tukapakia maboksi, tukaenda naye Kakonko. Nilibeba mimi. Yeye alibeba mwavuli na maneno.

"Shika vizuri, mchambuzi. Hizo ndizo aya zako tatu."

Walimu walichukua, wakaita manesi, manesi wakaita watu wa halmashauri. Hakuna aliyekwangua mgongo. Boksi la mwisho lilisumbua kidogo, likaisha kabla shule hazijafunga. Kibanda cha Mama Shukuru kipo mpaka leo, na sasa kinauza betri za akiba kuliko simu. Hilo aliamua mwenyewe, ripoti hakuomba. Alinitumia debe lingine la maharage na ujumbe: "Haya nayo uyapike, usiyaandikie."

Mlingoti ipo. Lile neno Mkuu nimeliondoa. Gulio likifika nakaa kwa Gwimo, au Kasanda, naangalia watu wanafanya nini na simu zao, ndipo naandika. Wenye maduka wanasoma na wananibishia, na nikibishiwa nalala vizuri. Kiti nakipenda bado, sitadanganya. Ila nakikalia nikiwa nimerudi kutoka mahali.

Nilichojifunza: kabla hujamshauri mtu aweke jasho lake kwenye kitu, nenda kamwone atakayekitumia akiwa anakitumia. Haichukui hata siku nzima.

Sasa ninyi, huko mliko mnachajia wapi, na ni kitu gani mnafanya na simu zenu ambacho sisi waandishi hatujawahi kukiona? Mwageni hapa, hata matusi nitayapokea, nimezoea ya Kasulu.

Kabla ya kuposti nilimsomea uzi huu jirani yangu Mama Edina, aliyekuwa anapepeta maharage upande wa pili wa uzio. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka ungo chini, akafungua pindo la kitenge chake, akanionesha betri ya simu. Maneno yake nayaweka kama yalivyo:

"Mimi natembea na betri mbili tangu hujaoa, na huu uzio ni wa mabua tu. Gwarama ulifuata nini?"