Mshika Kibendera wa Pili

Usiponiamini, shauri yako. Mie nilikuwepo, na sikuwa na homa wala usingizi.

Ilikuwa Ijumaa, mwaka juzi, hapa hapa Muscat, baada ya laasiri. Mie nnasomesha hisabati, na skuli yetu ilikuwa na mwalimu wa Kiayalandi, Kieran. Yeye na wenzake wana mpira wao, wanaudaka kwa mikono na kuupiga kwa miguu. Ukiupitisha baina ya nguzo mbili ndefu, juu ya mtambaa panya, ni pointi moja. Siku hiyo ilikuwa fainali ya kwanza ya kombe lao, timu ya Kieran na timu kutoka Dubai. Akaniomba nisimame golini: mpira ukipita ndani, nipepee kibendera cheupe, ukipita nje, nikunje mikono. Kila goli lina watu wawili, mmoja kila nguzo.

Mwenzangu sikumkuta. Kipindi cha pili ndipo nilipomwona, mzee mwembamba wa Kizungu, koti jeupe hadi magotini. Joto lote lile, na koti limerowa chapachapa. Nikadhani kajimwagia maji. Nikamsalimia, akaitikia kwa kichwa.

Dakika za mwisho walikuwa sawasawa. Kieran akaupiga mpira juu sana, ukapita karibu na nguzo yangu. Nje. Shibiri moja, lakini nje. Yeye keshaanza kushangilia. Refa jua lilimpiga machoni, akanitazama mie.

Nikwambie kweli? Niliinama kuchukua kibendera. Kieran ndiye aliyemtolea damu binti yangu alipokuwa mahututi. Ningemnyima pointi moja?

Mkono wa baridi ukanishika kifundo cha mkono. Yule mzee. Kavukaje goli lote lile, sijui.

"Umepita nje," akasema kwa Kiingereza, taratibu. "Na wangu ulipita nje, kwenye fainali yetu ya mwanzo, mvua inanyesha. Nikapepea. Mpaka leo sijafika nyumbani."

Nikakunja mikono. Timu ya Dubai wakaenda upande wa pili, wakapata pointi, kombe wakachukua wao. Nilipogeuka, hapana mtu. Nikamuuliza refa kuhusu mwenzangu. Akanambia wa pili hakutokea, nimesimama peke yangu mchezo mzima. Nikauliza na wachezaji. Jawabu lile lile.

Kieran alininunia hata mkataba wake ukamalizika. Akaenda zake bila ya kuniaga, na binti yangu mpaka leo ananiuliza kwa nini. Kifundoni nna alama nne nyeupe. Hapo hapatoki jasho, hata mwezi wa sita. Daktari kapima, hakuona kitu. Mke wangu hupasugua kwa mafuta, na husema ni kama kushika ukuta wa baridi.

Sasa wewe, ukiitwa kushuhudia, hata ikiwa ni mchezo tu, sema ulichokiona. Mie ilibaki kidogo nipepee, na wallahi sijui leo ningekuwa nimesimama wapi.