Lugha Niliyoichagua Juu ya Dungu

Kwa nini mtu ambaye hajawahi kugusa kompyuta aanze na lugha hii na si ile? Mwaka ule, katikati ya miaka ya tisini, sikuwa na jibu, na nilikuwa nalihitaji kabla chuo hakijafunguliwa. Sisi tuliokuwa tunaingia mwaka wa kwanza tulitakiwa kuchagua kundi moja, la Pascal au la C, lugha mbili za kuandikia programu za kompyuta. Ukishachagua huhami, na ukifeli somo hilo unadisko: unafungasha mizigo, unarudi nyumbani.

Nyumbani kwetu ni Ifakara, lakini msimu wa mpunga tulihamia shambani, bondeni, upande wa Michenga. Binamu yangu, aliyekuwa tayari chuoni, aliniletea kurasa zilizodurufiwa za lugha zote mbili.

"Pascal ni ya watoto, mdogo wangu. Ukitaka kuheshimiwa, anza na C."

"Kuheshimiwa na nani?"

"Na watu."

"Watu gani?"

"Aa, wewe una maswali kama polisi!"

Mwalimu wangu wa zamani wa hesabu aliniambia nichague ninayoipenda. Nitapendaje nisichokijua?

Kazi yangu shambani ilikuwa kuamia ndege. Nilikaa juu ya dungu, jukwaa letu la miti, na kamba mkononi. Kamba ilikwenda hadi kwenye makopo yaliyotundikwa katikati ya mpunga. Kwelea wakitua, navuta na kupiga kelele. Wakiruka, narudi kusoma.

Nilianza na C. Mistari ilikuwa mifupi, imejaa alama na mabano, na kusema kweli ilinivutia. Ila kila nilipotoka kufukuza ndege nilikuta nimepotea, naanza upya. Mwishowe nikaamua sinyanyui kichwa mpaka ukurasa uishe.

Sauti ya mama ilitoka upande wa pili wa shamba.

"Wewe msomi! Hao ndege umewaita darasani?"

Kona nzima ilikuwa imefunikwa na kwelea.

Kesho yake nilichukua Pascal, nusu kwa kumwogopa mama. Programu ilikuwa ileile ya jana, ya kutafuta wastani wa alama za wanafunzi. Nilivuta kamba, nikapiga kelele, nikarudi, na nikajua nilipoishia. Kila kipande kilifunguliwa kwa neno zima na kufungwa kwa neno zima. Ndege wakaja tena, nikawafukuza tena. Jua lilipofika utosini ukurasa ulikuwa umeisha na mpunga upo. Nililala chali nikacheka peke yangu. Sikuwa nimethibitisha kwamba Pascal ni bora. Nilikuwa tu na sababu yangu mwenyewe.

"Umechagua ipi?" binamu aliuliza jioni.

"Pascal."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya ndege."

"Haya. Kamwambie hivyo mhadhiri."

Sikumwambia. Mwisho wa mwaka matokeo yalipobandikwa, nilisoma namba yangu kati ya waliofaulu, nikashuka ngazi na kukaa kwenye ya mwisho, nikipumua kama mtu aliyetua gunia.

Miaka mingi baadaye, nikiwa kazini, ndipo nilipojua kwamba Pascal ilibuniwa na mwalimu wa chuo kikuu huko Uswisi, makusudi kwa kufundishia wanaoanza.