Ukili wa Wiki ya Tano

Mama mkubwa alisuka mkeka mmoja tu katika eda yake. Mwaka ule nilikuwa nimemaliza chuo na ninasubiri barua ya serikali ya kuniambia nitapangiwa kazi wapi, kwa hiyo nilikuwepo nyumbani kila siku, na niliuona mkeka ule ukikua tangu jani la kwanza. Nilipata pia muda mwingi wa kuwaza, jambo ambalo hata bila muda nalifanya kupita kiasi.

Tulikaa Kariakoo, upande wa Gerezani, chumba cha kwanza kushoto ukiingia mlango wa barabarani. Baba mkubwa alikuwa fundi katika karakana ya reli. Alirudi kutoka kazini Jumatatu moja akilalamika kichwa, na Alhamisi tukamzika. Baada ya hapo mama mkubwa akavaa nguo nyeupe, kioo kikageuzwa ukutani, na eda ikaanza: miezi minne na siku kumi bila kuvuka mlango wa mbele, bila wanja, bila manukato, bila hina.

Kabla ya hapo mtaa ulimjua kwa rangi. Alikuwa msusi wa mikeka ya maharusi, na mikeka yake ilikuwa na wekundu, zambarau na kijani vilivyopangwa kwa namna ambayo ukiingia chumba chenye mkeka wake unauona kwanza kabla hujamwona mwenyeji. Watu walikuja kuagiza kutoka Ilala na Magomeni. Usukaji aliutoa kwao kusini, yeye na wifi yake, dada wa baba mkubwa. Walikua pamoja, wakajifunza pamoja, na mmoja akaja kuolewa na kaka wa mwenzake.

Siku ya nne ya eda aliniambia nimtolee fungu la ukindu chini ya kitanda.

"Utasuka, mama mkubwa?"

"Sasa nikae niangalie dari?"

Mkeka husukwa vipande virefu vyembamba, kila kimoja huitwa ukili, kisha vipande hivyo hushonwa kimoja ubavuni mwa kingine. Alijiwekea kanuni: kila wiki ukili mmoja, usizidi wala usipungue. Kwa hesabu hiyo siku atakayotoka edani, mkeka utakuwa umetimia. Kili za mwanzo alizisuka nyeupe kwa kuwa rangi ilikuwa imeadimika kama vitu vingine vyote. Alisema zikipatikana rangi, atazipangilia katikati.

Nikachukua jukumu la kutafuta rangi. Nilizunguka maduka ya Kariakoo siku tatu. Mwisho mzee mmoja wa Kihindi, ambaye mama mkubwa aliwahi kumuuzia mkeka wa harusi ya jirani yake, akanitolea pakiti moja nyekundu kutoka nyuma kabisa ya kabati na kuniambia nimpe pole mama. Nikarudi nayo kama mtu aliyepata sukari. Nikaichemsha uani mwenyewe, katika sufuria kuukuu, na mama mkubwa akaja kuzamisha ukindu kwa mikono yake kwa sababu, alisema, mimi ningeupika kama mchicha.

Hapo ndipo palipoharibika. Ilikuwa wiki ya tano. Kesho yake shangazi, yaani yule wifi yake, alikuja bila taarifa, na samaki wawili wamefungwa kwenye gazeti. Alikuwa akikaanga samaki Feri, na kila alipopata nafasi alikuja kukaa na mjane wa kaka yake. Mama mkubwa alinyoosha mkono kumsalimia. Ncha za vidole vyote zilikuwa nyekundu.

Shangazi aliuangalia ule mkono, hakuupokea.

"Arobaini ya kaka yangu haijafika," alisema, "wewe umeshatia hina."

Akaweka samaki juu ya stuli, akatoka kupitia uani. Ukumbi ulikuwa na watu. Mke wa balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa amekaa pale anachambua mchele, na kuanzia mchana huo mtaa mzima ulikuwa na habari.

Mimi nilisimama mlangoni nikiwa na sentensi nne kichwani na sijui ianze ipi. Nilipochagua, shangazi alikuwa ameshafika barabarani.

"Nimkimbilie? Nimwoneshe sufuria?"

"Kaa chini."

"Lakini mama mkubwa, ni rangi ya ukindu. Nimechemsha mimi."

"Angeuliza, ningemjibu. Hakuuliza. Alisema."

Akaniagiza nikaimwage ile rangi. Ule ukindu mwekundu niliufunga nikauweka mbali. Kisha akachukua ukili wa wiki ile aliokuwa ameuanza, akaendelea kusuka na vidole vyake vyekundu, bila kuangalia anachofanya. Msusi hunyanyua majani kwa hesabu, mawili juu, moja chini, na hesabu hiyo ndiyo inayozaa ua. Nilikuwa nimekaa naye muda wa kutosha kuona kwamba amekosea. Upana wa kiganja hivi, ua lilivurugika, kisha likarudi njiani.

Nilimwambia kesho yake. Alisema anajua. Nikauliza kama nifumue. Alisema niache.

Kuanzia hapo hakutaka rangi tena. Lakini kitu kikabadilika. Alipokuwa na rangi, maua yake yalikuwa makubwa na machache. Sasa, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kuchezea isipokuwa ile hesabu ya juu na chini, maua yakaanza kuzaliana. Wiki ya nane alisuka ukili wenye mistari kama mataruma ya reli. Wiki ya kumi na moja ulikuwa na kitu kama maji yanayochemka. Yote meupe juu ya meupe. Ukiuangalia kwa juu, huoni chochote. Ukiinama na mwanga ukapita ubavuni, unaona kila kitu.

Mimi badala ya kufurahi nikaanza kuogopa. Hofu ya kwanza: wageni watakaokuja siku ya kutoka eda hawatainama. Watasimama juu ya mkeka na kuona kazi ambayo haijaisha. Hofu ya pili ilinijia siku moja nikiwa kwenye foleni ya duka la ushirika, na ilinifanya nipoteze zamu yangu. Mkeka mweupe mtupu ndio tuliomlazia baba mkubwa. Shangazi akiuona si atasema ni tusi jingine?

Na shangazi ndiye aliyekuwa jambo lenyewe. Katika ukoo wao, mjane akimaliza eda hatoki tu mwenyewe. Wifi yake humshika mkono na kumvusha kizingiti, na kwa kufanya hivyo upande wa marehemu huwa umesema mbele ya watu: huyu ametulilia ndugu yetu, tumeridhika. Bila mkono huo mama mkubwa angetoka, hakuna wa kumzuia, lakini angetoka kama mtu anayefukuzwa na kodi. Na shangazi hakuwa amekanyaga kwetu tangu siku ya vidole.

Zilipobaki siku tatu, mama mkubwa alinituma.

"Nenda Feri. Mwambie siku inatimia Jumapili asubuhi. Usiongeze neno."

Nilikwenda kwa miguu, nikakata Mnazi Mmoja, nikapita mjini mpaka baharini, njia nzima nikitafuta namna ya kuongeza neno. Nilimkuta nyuma ya karai lake, moshi umemfunika, upawa mkononi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Msomi, kazi hujapewa bado? Au wamesahau anwani?"

"Bado, shangazi. Mama mkubwa anasema siku inatimia Jumapili asubuhi."

"Haya."

Aligeuza samaki. Ningeondoka hapo ningekuwa nimetumwa vizuri. Nikasema, "Shangazi, ile haikuwa hina. Ilikuwa rangi ya ukindu. Niliichemsha mimi."

Hakunyanyua macho. "Nilijua. Nilipotoka nilipitia uani. Sufuria nililiona."

Sikuelewa. "Sasa mbona..."

"Mbona nini? Nirudi ndani niseme nimekosea, yule mama wa balozi ananitumbulia macho?" Alikung'uta upawa ukingoni mwa karai. "Neno ukishalitema huliokoti. Sogea, mafuta yanaruka."

"Kwa hiyo nimwambieje?"

"Mwambie nimesikia."

Nimesikia. Nililibeba neno hilo kutoka Feri mpaka Kariakoo. Mtu akisema nimesikia anamaanisha nitakuja, au anamaanisha masikio yangu yanafanya kazi? Nilipofika Mnazi Mmoja nilikuwa na hakika atakuja. Nilipofika sokoni nilikuwa na hakika hatakuja. Mama mkubwa aliponiuliza amesemaje, nikamwambia, "Amesikia," naye akaitikia kwa kichwa kana kwamba ni jibu kamili.

Siku mbili zile mkeka ulibakiza kupindwa pembeni. Macho ya mama mkubwa yalikuwa yamechoka, na mimi nilitaka sana kuwa na mkono wangu katika kazi ile, hivyo nikaomba nishone upindo. Tulichana shuka kuukuu, nikashona kingo zote nne. Nilishona polepole sana, nikisimama kila baada ya inchi kadhaa kujiuliza kama mstari umenyooka.

Jumapili wanawake walikuja mapema, kila mmoja na sukari yake kidogo kwenye kikaratasi, tukaichanganya pamoja kwa ajili ya chai. Mama mkubwa alikuwa ameoga na kuvaa kanga mpya. Aliniambia nitandike mkeka chumbani. Niliutandika, nikauzungusha, nikautandika tena, nikitafuta jua la dirishani lipite ubavu. Wanawake walingoja na vikombe mkononi.

"Mbona unauzungusha kama unatafuta kibla?" mmoja akauliza, wakacheka.

Mke wa balozi alisimama kizingitini akautazama. "Huu bado hujautia rangi?"

"Umeisha," mama mkubwa akasema.

"Hivi hivi? Wewe? Wewe wa ile mikeka ya kuumiza macho?"

"Ndio huo. Karibuni mkae."

Walikaa, lakini pembenipembeni, kama watu walioambiwa ubao haujakauka. Hakuna aliyesema neno la sifa. Mimi nilikuwa nimeandaa maelezo. Nilitaka kuwaambia wiki na kili zinavyolingana, niwaoneshe mataruma ya reli. Nilifungua mdomo, mama mkubwa akaniangalia, nikaufunga na kumimina chai.

Saa nne ilipita. Jua likaanza kuhama dirishani, na maua yakaanza kuzama. Wanawake waliangalia mlango na kuacha kuuangalia. Nilikuwa nimeanza kutunga namna ya kusema kwamba labda shangazi anaumwa, ndipo harufu ya samaki ilipoingia ukumbini, na yeye nyuma yake.

Hakutoa udhuru. Alisalimia wote, akavua ndara, akaketi katikati ya mkeka kabisa, akanyoosha miguu. Mama mkubwa alikuwa amekaa kitandani. Hawakuangaliana. Shangazi aliweka kiganja chini ili ajisogeze, na kiganja hakikuinuka tena. Kikaanza kutembea. Mikono yake ilikuwa na makovu ya mafuta, lakini ilikuwa imejifunza kusuka kabla haijajifunza kukaanga. Alifuata ukili mmoja kwa vidole, akahamia wa pili, macho yake yakiwa ukutani. Mke wa balozi naye akaweka kikombe chini, akapapasa mbele yake, akasema taratibu, "Kumbe yamo."

Vidole vya shangazi vikafika mahali vikasimama. Vikarudi nyuma, vikapita tena.

"Hapa ulikosea."

"Nilikosea."

Alihesabu kili kutoka ukingoni, kidole kimoja kimoja, midomo ikicheza. Hakuambiwa na mtu kwamba kila ukili ni wiki. Hesabu ya msusi aliyekaa edani, wasusi wanaijua.

"Wa tano," alisema.

"Wa tano."

Kiganja chake kilifunika pale palipovurugika. Mimi nilikuwa nimeshika birika na sikuthubutu kuliweka chini.

"Ungefumua, wifi. Kazi nzuri namna hii."

"Ningefumua ungepapasa nini?"

Shangazi alicheka puani, kidogo tu, kisha akajifuta uso kwa pembe ya kanga. "Ulimi wangu huu," alisema, na alisema kwa sauti ya kusikika, huku amemgeukia mke wa balozi. "Niliona rangi ya ukindu nikaiita hina. Mimi, niliyezaliwa kwenye ukindu. Mlionisikia siku ile, nisikieni na leo."

"Tumesikia, dada," mke wa balozi akajibu.

Shangazi alijizoa, akasimama, akamnyooshea mama mkubwa mkono. Mama mkubwa aliupokea. Walipofika kizingitini shangazi akatulia, akageuka na kuutazama mkeka kwa mara ya kwanza kwa macho, akakunja uso.

"Na huu upindo nani kashona?"

Mama mkubwa alinielekezea kwa kidevu.

"Hapa mwalimu wake alikuwa nani, konokono? Ua la wifi yangu msiliguse. Huu ufumue wote."

Wanawake walicheka, na safari hii walicheka huku wamekaa vizuri. Wale wawili wakavuka kizingiti, wakapita ukumbi, wakatoka barabarani kwenye jua la Kariakoo, mama mkubwa akipepesa macho, shangazi akimshika mkono na kumsimulia jambo la samaki. Walikuwa wanaelekea makaburini, na baada ya hapo, nilisikia baadaye, walikwenda mpaka Feri kwa sababu karai lilikuwa limeachwa bila mtu.

Mimi nilitafuta wembe, nikakaa kwenye kona ya mkeka na kuanza kufumua mishono yangu, mmoja baada ya mwingine. Mke wa balozi alinishikia ukingo. Kazi ilichukua mpaka adhuhuri, na sikumbuki kama niliwaza chochote.