Uso wa Kumpokea Mama

Mahjuba alikuwa Hispania, akichuma stroberi kwa mkataba wa msimu, na bintiye Ghizlan alibaki nyumbani Larache, ng'ambo ya bahari, na kiu moja tu: mama akirudi akute uso laini, abusu shavu hili na lile kama zamani. Chunusi zilimjaa mara tu basi la wachumaji lilipoondoka. Kwenye simu alikuwa akiinamisha kichwa, mama akaambulia kuona paji na nywele.

Basi akajitia udaktari. Asubuhi na jioni alijipaka dawa ya kuua bakteria bila kuuliza mtu, na kila alipokwenda hamamu, bafu la mvuke la mtaani, alimwachia uso Bi Batul, msuguaji, na sabuni nyeusi na ile glavu yake ya kukwaruza.

"Usoni pia?" Batul aliuliza. "Huu si mgongo, mwanangu."

"Sugua, Bi Batul. Uchafu wote utoke."

Batul akasugua. Kazi anaijua, ila huruma na ngozi ya mtu hana.

Mwanzoni uso ukang'aa, Ghizlan akatamba mbele ya kioo. Kisha ukakauka, ukapasuka, chunusi zikarudi kwa hasira, na dawa ikawa kama maji.

Bi Siham wa duka la dawa alimtazama, akaguna. "Ngozi ina bakteria wake, na wengine ni walinzi wako. Wewe umewafagia wote, na ngozi yenyewe ukaiambua. Waliobaki ni wale sugu, walioizoea dawa. Acha glavu, acha kujipaka ovyo, nenda kwa daktari wa ngozi. Itachukua miezi."

"Miezi? Mama anafika Ijumaa!"

"Basi atakukuta ulivyo."

Ijumaa harufu ya kuskusi ilijaa nyumba nzima. Ghizlan alijifunga mtandio mpaka chini ya macho. Mahjuba aliingia, jua limembabua, akatua mizigo na kumwendea yeye kwanza.

"Una nini? Mafua?"

"Usiniangalie, mama. Uso umeharibika."

Mahjuba akauvuta mtandio.

"Msimu mzima nabusu kioo cha simu," alisema, sauti ikimkatika, "nawe unanificha shavu?"

Midomo yake ilikuwa mikavu kwa upepo wa mashamba, na ilipogusa shavu iliwasha kama pilipili. Ghizlan akauma meno, akageuza uso, akampa na shavu la pili.