Fundi Makochi na Paka Wake Watatu

Dada yetu mkubwa ni fundi makochi, na anafuga paka watatu. Najua unachotaka kusema, kila mtu anakisema: fundi makochi kufuga paka ni sawa na muuza nyama kufuga fisi. Ngoja kwanza. Dada akiletewa kitambaa kipya hukata kipande, akakipigilia kwenye gogo, akawaachia paka. Wakikiparura kikatoka nyuzi, anamrudishia muuzaji. Kikistahimili, anamwambia mteja, "Chukua hiki. Kimewashinda hawa, watoto wako watakiwezea wapi?" Wateja huondoka wakicheka, na hurudi.

Hayo watu hawayasemi. Wanachosema ni kwamba mwanamke wa umri ule, hana mume, hana mtoto, ana paka, basi kuna namna. Wengine wanasema wale si paka hasa. Wengine, wanaojiona wastaarabu, wanasema maskini, ni upweke. Mimi hawa wa pili ndio wananikera zaidi. Anayekuita mchawi angalau anakuogopa. Anayekuhurumia anakuja kukupangia maisha. Mwanamume akifuga mbwa kumi ni mpenda wanyama. Mwanamke akiwa na paka watatu, ndugu wanaitana kikao.

Na kikao kilikaa. Kaka yetu, anayemfuata dada kuzaliwa, alikata shauri: dada ahamie kwake akae na watu, paka wagawiwe, karakana ipangishwe. Chumba ni chake kaka, dada anakitumia tu. Akitaka kukifunga anakifunga, na mpangaji alishampata. Mimi namjua dada. Kukaa kwenye sebule ya mtu akimenya vitunguu na kupewa pole kutwa nzima kungemmaliza. Moyo uliniuma, nikaenda karakana siku ambayo kaka angekuja kuzungumza naye, ili asimkute peke yake.

Kaka akaja na simu zake mbili mkononi na hotuba kichwani.

"Dada, mimi nakuonea huruma," akaanza.

"Keti basi, unionee huruma umekaa," dada akamjibu, misumari midomoni.

Akaketi kwenye kochi lililokamilika asubuhi ile. Dada anajua kufunga springi jamani. Ukikaa, kiuno chenyewe kinakushukuru. Kaka akaanza habari za uzee, akaingia kwenye maradhi, akauliza ukizidiwa usiku nani atakupa maji. Wakati huo paka wa kijivu, tunayemwita Karani, akampanda tumboni akajikunja. Nilidhani atamtupa chini. Hakumtupa. Sauti yake ikaanza kupungua. Alipofika kwenye "familia ndiyo" akanyamaza, na tulipogeuka kumtazama alikuwa amelala, mdomo wazi, mkono mmoja juu ya paka.

Simu zikaanza kulia. Dada akazichukua, akazifukia kwenye rundo la sponji, tukaendelea na kazi. Mimi nilimshikia kitambaa, yeye akapigilia.

Kaka aliamka jua limeshahamia ukuta wa pili. Akatafuta viatu kwa miguu, lakini hakuinuka.

"Haya," dada akasema, "mpangaji anaingia lini?" Alijikaza kuuliza kikawaida, ila nyundo aliishika kama mtu anayeogopa kunyang'anywa.

Kaka akamtazama Karani, ambaye hata sikio hakulitikisa.

"Kwangu mimi," akasema taratibu, "sijalala mchana tangu nilipooa. Kila anayefungua mlango anataka kitu. Mke, watoto, wakwe, kazini. Huyu hajaniomba chochote."

Nilikuwa nimejiandaa kugombana naye, si kumwonea huruma.

"Mpangaji nitamtafutia kwingine," akasema, akafumba tena macho.

Siku hizi kila Jumamosi kaka humuaga mkewe kwamba anakwenda kumwangalia dada, maskini, yuko peke yake. Anafika na dagaa wa paka, anavua viatu, analala. Juzi wifi alinipigia simu, kwa sauti ya huzuni kabisa, kuuliza dada anaendeleaje na ule upweke. Nikamwambia, wifi yangu, hali bado si nzuri, kaka asiache kuja.